Usiniulize ni wa wapi, niulize nilipita wapi

Hapa Lubumbashi, ukiuliza kidogo tu katika ukoo wowote, utakutana na treni. Mmoja babu yake alipanda Kananga, enzi ikiitwa Luluabourg. Mwingine nyanya yake alitokea kusini akaingilia Sakania. Babu yangu mzaa mama alivuka Luapula kwa mtumbwi kabla hajaona reli kwa macho yake. Hayo nimeyajua ukubwani. Utotoni tulitajiwa kabila na kijiji, basi. Njia yenyewe hakuna aliyetuhadithia.

Mimi ni mshonaji, nafanya kazi Katuba. Mteja akikaa kungoja nguo yake, hasa akiwa mtu mzima, maneno huja yenyewe. Sasa nimejizoeza: nasimamisha cherehani, naomba ruhusa, nawasha simu na kurekodi. Mzee ukimwuliza "Ulikuja mwaka gani?" anajiona yuko kwenye mtihani, anajibu kwa mkato. Mwulize "Ulibeba nini?" Hapo jioni nzima itaisha.

Mama mmoja, jirani yetu wa zamani, nilimwuliza hivyo. Aliletwa akiwa bibi harusi kijana. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na tiketi ilitoka kwa Kampuni. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Mutoto yangu, niliingia mu treni kule Luputa. Mu pembe ya kikwembe yangu nilifunga mbegu ya lengalenga. Mama yangu aliniambia, kule banakula nyama tu, utakufa na hamu ya mboga." Akaonyesha kwa vidole vyake jinsi fundo lilivyokuwa, dogo, limekazwa mara mbili. Kwenye kambi ya wafanyakazi walipewa posho: unga, nyama, karanga, mafuta, chumvi. Nyuma ya nyumba yeye akapanda lengalenga yake, yaani mchicha, na wanawake wenzake, waliotoka pande ambazo hajawahi kuzisikia, wakaja kumwomba mbegu.

Mwaka aliosafiri haujui. Lakini alinipa kitu kizuri kuliko tarehe. Alisema njiani walikula moshi siku nzima, majivu yakiingia machoni. "Pale Tenke moshi ikaisha. Tukafikiri mashini imekufa. Hapana, ilikuwa inatembea na nguvu kuliko mbele." Kipande cha reli kati ya Tenke na Jadotville, yaani Likasi ya leo, kilitiwa umeme mwaka 1952. Kwa hiyo mama huyu hakupita pale kabla ya mwaka huo. Alihifadhi tarehe yake ndani ya moshi bila kujua. Wako wanaosema kumbukumbu za wazee si za kutegemewa. Mimi nakataa. Tarehe watachanganya, ndiyo, lakini vituo vya treni wanavitaja kwa mpangilio wake: Luputa, Kaniama, Kamina, Bukama, Tenke. Nimefuata kwenye ramani, mpangilio hawajaukosea.

Na hasa wanawake ndio wanaoniuma. Mwanaume alikuwa na namba ya kazi, na faili yake huenda bado iko mahali fulani. Mke aliandikwa kwamba ni mke wa fulani. Ile njia aliyopita, woga wake, mbegu zake, havikuandikwa popote. Visipotoka kinywani mwake, vimekwisha.

Tukumbuke mji wenyewe ulivyozaliwa. Ardhi ilikuwa ya watu wa chifu Kaponda. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka upande wa Zambia na Malawi za leo. Ndiyo maana Kiswahili chetu kimejaa Kibemba. Baadaye Kampuni ilikwenda kutafuta watu hadi Rwanda na Burundi, na Kasai pia. Mwaka 1928 reli ya kwenda Ilebo, kule Kasai, ilikamilika, na miaka hiyohiyo Kampuni ikaanza kutaka wanaume wakae na wake zao, wazae, watoto wao nao wawe wafanyakazi. Watu hawakuja hapa kwa bahati. Waliitwa, walihesabiwa, walisafirishwa.

Halafu ikafika siku wakaambiwa warudi "kwao". Baba mmoja aliyeleta suruali ifupishwe alinihadithia Likasi ya mwaka 1992. Alizaliwa kulekule Likasi, na baba yake vilevile. Wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu, wakafukuzwa majumbani, na mamia ya maelfu ya watu wa Likasi na Kolwezi wakajikuta safarini mwaka huo na uliofuata. Wengi walilala gare, yaani kituoni, majuma na majuma wakingoja treni, na wengine walifia palepale. Alikuwa akisimulia kwa utulivu, kituo kwa kituo, safari hii kwa kurudi nyuma: Tenke, Bukama. Alipofika Kamina akaacha Kiswahili. Akaendelea kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, muda mrefu, akitazama mikono yake. Mimi Tshiluba sisikii. Niliiacha simu irekodi. Binti yake alikuwa amekaa pembeni. Baadaye akaniambia maneno yale nyumbani kwao hayajawahi kutamkwa. Sauti nimempa yeye. Kutafsiri au kutotafsiri ni juu yake na baba yake.

Tangu siku hiyo swali la "wewe ni wa wapi?" linanichoma kila nikilisikia, sokoni, ofisini, hata kanisani. Tumeona lilikotufikisha, na si mara moja: mwaka 1961 pia maelfu ya Waluba, wengi wao wenye asili ya Kasai, walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapahapa mjini. "Ulipita wapi?" halimfukuzi mtu. Ukilijibu kwa ukweli, utakuta treni iliyomleta babu yangu ilipita reli ileile aliyopita babu yako.

Watu bado wanakuja. Vijana kutoka Kasai wanapanda juu ya mabehewa ya mizigo kwa sababu ya kukosa nauli. Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, upande wa Lubudi, ikaua watu zaidi ya 70, na wengi wao walikuwa wamejipandia hivyo. Watakaofika salama ndio wazee wa kesho wa mji huu. Mmoja wao anauza maji karibu na kibanda changu. Nimemwuliza amebeba nini, akacheka, akasema atanijibu tukizoeana.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefanya kazi kubwa. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu amekusanya maisha ya wafanyakazi wa migodi kwa miaka mingi. Lakini chuo hakiwezi kuingia kila nyumba ya mitaa yetu ya Kenya, Ruashi na Kamalondo. Wewe unaweza kuingia kwa nyanya yako. Mkalishe mahali pa kimya, asiingiliwe na wajukuu wanaomsahihisha, na akinyamaza usiharakishe swali jingine.

Na kama nyanya yako ni wa njia ya Sakania, tafadhali niandikie. Upande huo nina sauti za wanaume tu.