Siku nilipokosea chupa

Saa 1 asubuhi, Baltimore. Simu ya mama kutoka Tanga. Kwake ni saa 8 mchana. Shikamoo, marahaba, kisha swali la kila wiki: "Dawa ya mjomba wako bado tu, mwanangu?" Mjomba ni kiziwi tangu kuzaliwa. Vipimo vya jeni huanzia jeni ya koneksini 26, ambayo hitilafu yake husababisha uziwi mwingi Ulaya, ila kwetu kusini mwa Sahara ni nadra. Nilipomaliza udaktari wa mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, mama alijua nitatibu ng'ombe. Huu mwaka wa tisa nachungulia masikio ya panya.

Saa 3. Kitoto cha panya cha siku sita. Mfupa wa koklea, konokono ya sikio la ndani, ungali laini kama gegedu. Naumenya chini ya darubini kwa vibano viwili vyenye ncha ya sindano, pumzi nimeibana. Ndani kuna utepe wa seli nywele, zile zinazonasa sauti: safu moja ya ndani, tatu za nje. Kila seli ina kishungi cha vinywele vilivyopangana kama ngazi, na ncha ya kila kifupi imefungwa kwa jirani yake mrefu kwa uzi wa protini mbili, kadherini 23 na protokadherini 15. Sauti ikisukuma kishungi, uzi unavutika, mlango unafunguka, chembe zenye chaji ya umeme zinaingia ndani ya seli. Adhana, honi ya bodaboda, vyote vinaning'inia kwenye uzi huo.

Saa 5. Natia rangi ya FM1-43, ambayo hupenya kwa milango hiyohiyo na kuing'arisha seli. Giza. Narudia kwa sikio la pili. Giza tupu.

Saa 7. Badala ya kula nasoma lebo. Nimeoshea maji yenye BAPTA, kemikali inayonyonya kalsiamu, na kalsiamu ikiondoka nyuzi hukatika. Mwandiko kwenye chupa ni wangu, wala hakuna wa kumsingizia.

Saa 9. Kikao. Slaidi nyingi.

Saa 11 jioni. Sijazitupa zile tishu. Seli nywele ya panya, kama ya mtu, ikifa haioti tena. Lakini ikiwa hai, uzi uliokatika huweza kujifunga upya ndani ya siku moja na nusu hivi. Nimeziweka kwenye kabati la joto na kuandika kwenye kifuniko: kesho kutwa, saa 3. BAPTA nimeihamishia rafu ya juu kabisa, ambayo siifikii bila ngazi.