Ufunguo wa Tatu

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Baba Neema alikuwa akipeleka mkono nyuma ya mlango wa chumbani, anatungua ufunguo kwenye msumari, kisha anaufunga yeye mwenyewe kwenye pindo la kanga yangu. "Haya, nenda. Wenzako wasikae wanakusubiri." Wala hatukuliona kuwa jambo. Lilikuwa la dakika moja, kama kummwagia mtu maji ya kunawa.

Ufunguo ulikuwa wa sanduku la kikundi. Tulikuwa akina mama 25 wa Uyole, Mbeya, tunanunua hisa kila wiki, tunakopeshana, na mwisho wa mwaka tunavunja na kugawana. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mweka hazina, asiwepo mtu anayeweza kulifungua peke yake. Mimi nilikuwa mshika ufunguo wa tatu. Ili usipotee, Baba Neema alikuwa ameufunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akakikaza kwa meno. Alama za meno yake zilikuwa zinaonekana kwenye ule mpira.

Januari 2016, Jumamosi, alirudi kutoka shambani kwetu Isongole akisema kichwa kinamuuma. Alikuwa ameshinda akipandishia viazi udongo. Nikamchemshia chai ya tangawizi, akalala mapema. Jumapili usiku mdomo ulipinda upande, mkono wa kulia ukalegea, akawa ananiangalia anataka kusema na neno halitoki. Kiharusi. Jumanne alfajiri alifariki hospitalini. Alikuwa na miaka 44.

Tulimzika Alhamisi, kijijini kwao Rungwe, pembeni ya migomba, mvua ikinyesha bila kukata. Kikundi hakikukutana siku hiyo kwa sababu kikundi kizima kilikuwa pale, kimevua viatu kwenye tope. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba rambirambi yao waliichanga kutoka mifukoni mwao. Fedha ya mfuko wa jamii, ile tunayoiweka kwa ajili ya misiba, ilikuwa ndani ya sanduku, na ufunguo wa tatu ulikuwa nyuma ya mlango wangu. Hakuna aliyeniomba.

Msiba una watu. Kuna turubai, kuna moto wa magogo ambako akina baba wanakesha, kuna masufuria makubwa, kuna mtu wa kukushika kila ukiinuka. Kisha matanga yanaanuliwa, viti vinarudishwa, na nyumba inabaki na wewe na watoto na viatu vyake vya mvua mlangoni vikiwa na udongo uliokauka. Watu walioniambia "jikaze, una watoto" siwalaumu, hayo ndiyo maneno tuliyofundishwa. Lakini kila nilipoambiwa nijikaze nilihisi naambiwa nimnyamazie. Nikaacha kutoka. Dada yangu ndiye aliyekuwa akienda sokoni na kuwaandaa watoto kwenda shule. Mimi nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda, bila kuugusa wa pili.

Wiki ya tatu, Alhamisi mchana, nikasikia hodi. Si hodi ya mtu mmoja. Nikatoka na kanga kichwani, nikawakuta wamejaa barazani mpaka uani, mweka hazina mbele yao na sanduku kichwani limefungwa kitenge.

"Pole, mwanangu," mwenyekiti alisema. Yule mama ni wa umri wa mama yangu mzazi. "Tumekuja kwenye kikao."

"Kikao gani, mama?"

"Leo Alhamisi."

Nilijibu kwamba siwezi. Nikasema ufunguo upo, wauchukue, wampe mwingine. Sikusema kwa hasira. Nilikuwa sina nguvu ya kushika chochote.

"Ufunguo una mwenyewe," mwenyekiti akasema, akavua viatu, akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka. Wengine wote wakaingia nyuma yake, na waliokosa nafasi wakakaa koridoni.

Nikaenda chumbani. Nikaufunga mlango ili nifikie msumari, na ufunguo ulikuwa pale alipouacha yeye, Alhamisi ya mwisho niliporudi na kumkabidhi. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha mtupu. Nikanyoosha tena. Mtu wa mwisho kuushika alikuwa yeye, na mimi nikiutungua ndiyo basi, hautakuwa tena mahali alipouweka yeye. Sijui nilisimama pale muda gani. Mama Eliza akabisha kidogo, akaingia.

Mama Eliza ni mjane. Mumewe alifariki mwaka 2009, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemwona kila wiki, nikicheka naye, bila kumuuliza hata mara moja usiku wake ukoje. Hakunishika bega. Hakuniambia jikaze. Alisimama ubavuni kwangu, tukawa tunauangalia ule ufunguo wote wawili.

"Huu mpira ameufunga nani?"

"Baba Neema."

"Aliukata na nini?"

Nikamwambia. Aliukata na kisu cha jikoni, nikamgombeza kwa sababu ndicho nilichokuwa nakitegemea kwa nyama na alikuwa amekifanya butu. Nikamwambia na habari ya yale meno. Nikamwambia baiskeli yenyewe ilivyoibwa gulioni, akarudi kwa miguu ameshika tyubu moja ya akiba, na namna alivyokuwa akicheka. Nilisema mambo yasiyo na maana yoyote kwa mtu mwingine, nilisema mpaka nikalia, nikaendelea kusema nikiwa nalia. Tangu tumzike, yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza habari za mume wangu. Sebuleni akina mama 23 walikuwa wanatusikia, ukuta wetu ni mwembamba, na hakuna aliyeita.

Mwisho Mama Eliza aliutungua, akanifungia kwenye pindo.

Kufuli ya kwanza ikafunguliwa, ya pili, na ya tatu nikaifungua mimi. Kwa wiki mbili walikuwa wanakusanya fedha kwenye kitambaa na kuandika pembeni kwenye daftari, kwa maana vitabu vyetu vya hisa na muhuri vyote vilikuwa ndani. Katibu akaanza kusoma, jina baada ya jina, na mweka hazina akigonga mihuri ya wiki zilizopita. Likafika jina langu.

"Wiki ya mazishi, hisa moja. Wiki iliyopita, hisa moja. Leo, hisa moja."

"Mimi sikuleta," nikasema.

"Imeandikwa umeleta."

Nikawaangalia mmoja mmoja. Wote walikuwa wanaangalia mkeka. Muhuri ukagongwa mara tatu kwenye kitabu changu, na mpaka leo hakuna aliyeniambia nani alizilipa. Kuhusu mahudhurio katibu alikuwa ameandika neno moja tu kwa wiki zote mbili: msiba. Faini hakuna.

Walipoondoka niliingia stoo kutafuta mkaa nikaona bomba la kupulizia dawa halipo. Nikadhani limeibwa. Dada yangu akaniambia lipo shambani, kina Mama Eliza wamelichukua siku nyingi. Viazi vyetu vilikuwa vinatoa maua, na kwa mvua ile ya Januari ukipitisha wiki mbili bila dawa, ukungu unakula majani yote unabaki na mashina meusi. Mimi sikuwa nimewaza viazi hata dakika moja.

Jumamosi wakanipitia, sita kati yao, tukapanda Noah mpaka Isongole. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika. Shamba lilikuwa la kijani tupu, safi, halina jani lenye doa. Nikatembea kwenye ngwe nikihesabu matuta. Ya Baba Neema yalikuwa yamenyooka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuvuta kamba kabla ya kushika jembe. Kumi na tatu yote sawasawa. La kumi na nne lilinyooka mpaka katikati, kisha likapinda. Kuanzia pale matuta yalikuwa ya mikono mingine, moja nene, jingine jembamba, jingine limekwenda upande likarudi. Walikuwa wamemalizia shamba lote.

Nikachuchumaa kwenye lile la kumi na nne, nikaweka kiganja pale linapopinda.

"Ni hapa?" Mama Eliza akauliza.

"Ni hapa."

Mvua ikaanza kushuka kutoka mlimani. Wakajifunika mifuko ya nailoni waliyokuja nayo, mmoja akanitupia wa kwangu mgongoni, wakasimama pembeni ya shamba wakiningoja. Hakuna aliyeniambia tuondoke.