Siku tuliyocheza saba

Msimu ule wa ligi ya wahitimu mimi ndo nilikuwa katibu wa timu yetu, na katibu kwenye klabu za namna hii usidhani ni mtu wa makabrasha, ni mtu wa kupiga simu. Ligi yenyewe ilikuwa hivi, kila mwaka wa kumaliza shule unaunda klabu yake, mnacheza wikiendi kwenye kiwanja kilekile mlichokuwa mnakimbizwa na mwalimu wa michezo, kwa hiyo nyumbani na ugenini kote ni palepale, tofauti ni nani kawahi upande wenye kivuli. Sisi tulikuwa kundi la wakongwe. Vitambi, magoti yanalia, mtu anapasha misuli dakika tano halafu anaomba kupumzika.

Vurugu za msimu zilikuwa mbili tu, mamluki na watu kutotokea. Mamluki walidhibitiwa mapema, maana kuna timu iliwahi kuleta straika mmoja matata sana, alipoulizwa mkuu wa shule enzi zake alikuwa nani akasema kasahau jina, akaulizwa alikaa bweni gani nalo kasahau, pointi zikaondoka zote. La kutotokea ndo lilikuwa ugonjwa wetu. Kanuni zetu zilisema ukishindwa kuleta timu mwenzako anapewa ushindi wa mezani wa 3-0, ukirudia mara ya pili unafutwa kwenye ligi na matokeo yako yote yanafutwa. Na sisi mara ya kwanza tulishaitumia, mechi ya pili tu ya msimu, aibu yake siisemi.

Sasa ikaja ile mechi na madogo. Kwenye grupu tangu usiku watu wanaandika nipo, pamoja sana, kesho wanakufa, dole gumba zimejaa. Asubuhi nafika uwanjani na begi la jezi nakuta watu wanne. Napiga simu, wote wako njiani. Kuna mmoja anasema yuko njiani na nyuma yake nasikia bomba la bafuni linamwaga maji. Mpaka muda wa mechi unafika tumefika saba, kipa akiwemo, na mmoja kati ya hao saba alikuja kuangalia tu, tukambana mpaka akavaa njumu za kuazima.

Refa alikuwa mwalimu wetu wa michezo wa zamani, amestaafu lakini filimbi hajaiacha. Tukampa shikamoo, akaitikia, akahesabu vichwa kimyakimya.

"Mko saba," akasema. "Sheria ya tatu mnaijua?"

Tunaijua mwalimu. Mechi haianzi wala haiendelei kama timu ina wachezaji chini ya 7.

"Basi mkapungua hata mmoja, akaumia akatoka au nikampa nyekundu, mpira ukisimama siuanzishi tena. Sitaki kuja kubembelezwa."

Pale hesabu yetu ikabadilika kabisa, kushinda hakumo, hata sare hatuizungumzii, kazi ni wote saba tubaki ndani ya chaki mpaka filimbi ya mwisho. Ni aina ya mpira wa ajabu sana ule, unamwambia beki wako usiingie kwa nguvu, usibishane, usipate kadi ya njano, mtu akikupita mwache apite, bora bao kuliko nyekundu. Beki wetu wa kati ambaye maisha yake yote mdomo haujawahi kufungwa siku hiyo alikuwa mpole mpaka madogo wakadhani anaumwa.

Tuna jamaa tunamwita Profesa kwa sababu ya historia zake. Wakati tunavaa jezi akaanza, eti mnalalamika nini, klabu za waliosoma shule moja ndo zilikuwa zinatawala soka Uingereza, Old Carthusians walibeba Kombe la FA 1881 kwa kuwapiga Old Etonians 3-0, mwaka uliofuata Etonians wakalichukua wao kwa kuifunga Blackburn Rovers 1-0. Halafu 1883 ikaja Blackburn Olympic, timu iliyojaa watu wa kazi za viwandani, ambao walikwenda kabisa kuweka kambi kabla ya fainali, wakawafunga Etonians 2-1 kwenye muda wa nyongeza na tangu hapo klabu ya wahitimu haijalishika tena lile kombe. Na fainali hiyo Etonians walimpoteza mchezaji wao Arthur Dunn kwa kuumia, enzi zile hakuna kubadilisha mchezaji, wakamaliza wakiwa 10. Baadaye jina lake likapewa kombe la timu za wahitimu, Arthur Dunn Cup, linachezwa mpaka leo. Kipa wetu akamuuliza sasa hiyo inatusaidiaje, Profesa akasema haisaidii, nawaambia tu.

Kipindi cha kwanza sikielezi sana. Madogo walikuwa 11 na benchi limejaa, wanapiga pasi wanavyotaka, tukaenda mapumziko ni 4-0 na kipa wetu kacheza vizuri hapo. Kikubwa tulikuwa saba.

Cha pili hakijachangamka winga wetu akakamata nyama za paja. Hakuguswa na mtu, alikuwa anafukuzia mpira ambao hata asingeupata, akasimama ghafla kashika paja kwa nyuma, uso umekunjamana. Huyu ana upara unaong'aa vizuri sana, nautaja kwa sababu utahitajika mbele. Akaanza kuchechemea kuelekea nje kama ilivyo kawaida na sisi wote sita tukapiga kelele kwa pamoja, USITOKEEE! Akasimama. Akatuangalia kama watu waliochanganyikiwa, ikabidi nimkimbilie nimwambie kaka hata ukilala lala humuhumu ndani.

Sasa mtu hawezi kukimbia utamweka wapi? Nyuma atawapa madogo nafasi, katikati atagongwa aumie zaidi. Profesa ndo akasema mpelekeni mbele kabisa, akasimame karibu na kipa wao, ataotea sawa, aotee tu, asiuguse mpira wala asimzuie mtu. Akaenda zake taratibu. Madogo mwanzo walimwekea beki wa kumlinda, baadaye wakamuona anajisugua paja na kuangalia mawingu wakamwacha.

Ikafika dakika za mwishomwisho, tumeshapigwa la tano na la sita, tukapata mpira wa kurusha karibu na kona yao. Yule aliyekuja kuangalia tu, ambaye tuligundua siku hiyo kwamba ana mikono ya ajabu, akaurusha mrefu kuelekea golini. Jamaa yetu wala haangalii, kageuka upande mwingine kainama anajikanda. Mpira ukashuka, ukamgonga utosini, kipa wao katoka vibaya, ukampita, ukaingia.

Weee! Madogo wote mikono juu, ameotea! Mwalimu akawaambia kwa mpira wa kurusha hakuna kuotea, niliwafundisha au sikuwafundisha? Wakanyamaza. Ila kipa wao alikuwa mjanja, akasema sawa mwalimu lakini haujamgusa mtu, umeingia moja kwa moja. Na hapo alikuwa na hoja ya kisheria kabisa, maana mpira wa kurusha ukiingia goli la wapinzani bila kuguswa na yeyote si bao, ni goli kiki. Mabishano yakaanza, kila mtu kaona lake.

Mwalimu hakusema kitu. Akatembea mpaka kwa winga wetu, akamwambia inama kijana, kijana mwenyewe ana watoto wanasoma. Akainama. Kwenye ule upara kulikuwa na alama ya vumbi ya mduara, hata mistari ya mshono wa mpira inaonekana. Mwalimu akaikagua, akawaita kapteni wa madogo na kipa wake nao waje waangalie, wakaangalia, yule kapteni ndo wa kwanza kuangua kicheko. Mkono ukaelekezwa katikati ya uwanja. Bao.

Mechi ikaisha 6-1 na tulikuwa saba wote ndani. Filimbi imeshalia ndo anatokea yule wa bomba la bafuni, kavaa jezi tayari, anauliza mmenibakizia dakika ngapi.

Wikiendi iliyofuata watu walitokea mpaka jezi hazikutosha, maana habari ya upara ilizunguka kwenye grupu usiku kucha na kila mtu alitaka kuja kuuona. Mwenyewe hakucheza tena msimu ule kwa sababu ya paja, lakini alinisumbua sana kuhusu fomu ya mechi, kuna watu walitaka niandike kipa wao kajifunga. Nikaandika jina lake, kwenye sehemu ya dakika nikakadiria tu, maana muda ule mimi nilikuwa nimekaa chini nahema.