Kutoka Euston mpaka Glasgow na kitinda mimba wangu

Oktoba 2025 shule zilipofunga nikamchukua mwanangu wa mwisho tukapanda treni pale Euston, London, kwenda Glasgow, Scotland, kwa dada, mtoto wa mamkubwa. Masaa manne na nusu hivi, Preston, Carlisle, ukishavuka mpaka ni kondoo na mvua tu, mtoto kaganda dirishani hataki hata kula.

Huyu kazaliwa 2018 na ni wa tatu kwangu, ndo maana hii habari inanigusa sana. Kulikuwa na sheria ilianza Aprili 2017, kama unapokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, basi mtoto wa tatu na kuendelea aliyezaliwa baada ya hapo alikuwa hahesabiwi, yaani anakula, anakua, viatu vinambana kila mara, lakini kwenye hesabu za serikali alikuwa hayupo. Na ni nchi hii hii ambayo Tony Blair, akiwa waziri mkuu, mwaka 1999 aliahidi ndani ya miaka 20 umaskini wa watoto utakuwa umeisha! Kwa takwimu za 2023/24 watoto maskini walikuwa kama milioni 4.5.

Dada anakaa Springburn, mtaa wa Glasgow, ghorofani. Tumefika baridi inakata masikio, na kabla hajawasha hita akaenda kwanza kuchungulia mita, umeme wake ni wa kununua kabla kama luku ya nyumbani. Pembeni ya kochi kuna boksi kubwa la karatasi ngumu, kaweka kanga na unga wa sembe. Kumbe ndo alilala mwanae wa mwisho alipozaliwa, Scotland kila mtoto mchanga anapewa tangu 2017, linakuja na kigodoro, nguo, blanketi, kipimajoto na vitabu.

Usiku akanionyesha simu. Ile sheria ya watoto wawili ilikuwa inambana na yeye kwasababu ilitoka kwa serikali ya London, ila serikali ya Scotland ina malipo yake, Scottish Child Payment, yalianza Februari 2021 kwa pauni 10 kwa wiki, wakati huo, 2025, yalikuwa 27.15, na yanahesabu kila mtoto chini ya miaka 16. Dada alikuwa nao watatu wa umri huo, kila wiki nne ilikuwa inaingia kama pauni 325. "Mdogo wangu, hilo koti la shule unaloliona limetoka humo." Nilinyamaza, nikawa namwangalia wangu kalala.

Sio kwamba Scotland wamemaliza umaskini wa watoto, sheria yao ya 2017 inataka ifikapo 2030 watoto maskini wawe chini ya 10 kwa kila 100 na kwa takwimu za 2023/24 bado walikuwa zaidi ya 20, ila Uingereza nzima, Scotland ikiwemo, walikuwa kama 31. Mwezi uliofuata baada ya safari, Novemba, Rachel Reeves, waziri wa fedha wa Uingereza wakati huo, akatangaza ile sheria ya watoto wawili inafutwa Aprili 2026, nililia jikoni kwakweli, wangu alikuwa ameshafika miaka saba.

Siku ya kurudi tulipanda basi na mtoto wa jirani, mama yake ana viza isiyoruhusu msaada wowote wa serikali. Alipogusisha kadi yake kwenye mashine ikalia, kapita bure, maana kule aliye chini ya miaka 22 halipi basi. Lakini zile pauni 27 hapati hata senti, na shuleni yuko dawati moja na mtoto wa dada.