Saumu ya Jembe

Mwaka 2011 Jumatano ya Majivu, siku inayoanza Kwaresima, iliangukia tarehe 9 Machi, na masika ilikuwa imeshapiga hodi. Mama alikuwa hospitali, amevunjika mguu. Baba alishafariki zamani, kwa hiyo mimi, kifungua mimba, ndiye niliyebaki na wadogo zangu. Kwetu Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, migomba na kahawa viko kihambani, shamba la nyumbani, mlango unapofungukia, lakini mahindi ya kula mwaka mzima hulimwa tambarare, chini ya mji wa Moshi. Ukizikosa mvua za mwanzo, mwaka huo unga utaununua. Shamba letu lilikuwa limeshapigwa trekta kabla Mama hajaanguka. Mbegu ndiyo ilikuwa haijaingia ardhini.

Ijumaa jioni, baada ya Njia ya Msalaba, jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo, yaani Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, ilisali nyumbani kwetu. Ijumaa ile inayofuata Majivu, somo la kwanza ni Isaya sura ya 58, nami nikapewa nilisome. Mungu anaikataa saumu ya watu wanaoinamisha vichwa kama unyasi huku wakigombana na kuwaonea vibarua wao. Saumu anayoitaka ni kuwafungulia walioonewa na kumgawia mwenye njaa chakula.

Ulipofika wakati wa kushirikishana, hakuna aliyeanza. Mama Mwenyekiti akanigeukia.

"Mwanangu, lile shamba la mama yako limeshapandwa?"

"Bado, mama."

"Basi kesho jumuiya inasalia kule. Kila mtu na jembe lake."

Mhazini akasema kila mmoja aweke mezani fedha ya mlo aliouacha siku hiyo, zikanunue mbegu. Zikawekwa noti zilizokunjwa na sarafu. Bibi mmoja asiyekuwa na fedha alileta asubuhi yake kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akakirudisha mwenyewe nyumbani alipokumbushwa ni Kwaresima, kisha akaja na ndoo ya maji ya kunywa.

Kulipopambazuka tuliteremka. Aliyenishangaza ni jirani yetu wa upande wa juu. Yeye na Mama walikuwa hawasalimiani tangu wagombane juu ya zamu ya maji ya mfereji. Hata kanisani walikaa mbalimbali. Alikuja na kamba ya katani aliyoipiga vifundo kila sentimita 60, akaniambia nishike ncha moja. "Shikamoo, baba," nikasema. "Marahaba. Ivute, isilegee." Akawa anatangulia na jembe, shimo kwenye kila fundo, nami nadondosha punje mbili mbili na kufukia kwa mguu. Mstari ukiisha, tunahamisha kamba hatua moja. Hakutaja mfereji wala Mama, ila mstari wowote uliopinda aliufukua akaurudia upya, kana kwamba shamba ni lake.

Saa sita mchana mtu akaanzisha Malaika wa Bwana. Wanaume wakavua kofia, majembe yakaegemezwa mabegani, tukasali tukiwa tumesimama kwenye matuta, mikono na udongo wake. Mpaka leo sala hiyo nikiisali naisikia vizuri zaidi nikiwa kazini. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha uchungaji, naamini kitu cha namna hii ndicho walichokitamani: imani inayomjua jirani kwa shamba lake na kwa shida yake. Rozari tunaisali, na ni vema. Lakini jumuiya inayojua kusali tu bila kujua nani hajapanda, kwangu mimi bado haijaisikia Injili yote.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata. Mama aliporudi na magongo yake, nilimweleza yote, pamoja na habari ya kamba. Alinyamaza kidogo, akaomba kanga ya kutokea, akanituma nitangulie kwa jirani kubisha hodi. Walizungumza mpaka giza likaingia. Zamu ya maji ikapangwa upya: wao Jumanne, sisi Jumatano, na mfereji ukiziba tunauzibua pamoja.