Mkono mtupu wa Fleet Walker

Jioni hii hapa Columbus, Ohio, mwanangu alikuwa anajifunza kudaka mpira wa besiboli. Nikamwambia, hebu nirushie na mimi, bila glavu. Jamani, ule mpira ni mgumu kama jiwe! Nimedaka mmoja tu, wala hakurusha kwa nguvu, na kidole gumba kinanipwita mpaka sasa ninavyoandika.

Basi nimekaa namfikiria Moses Fleetwood Walker, mzaliwa wa Ohio hii hii, 1856. Wengi tunamjua Jackie Robinson, anayetajwa kama mtu mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, 1947. Lakini Walker, mtu mweusi, alishacheza ligi kuu na timu ya Toledo mwaka 1884, tena akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Enzi hizo walidaka kwa mikono mitupu au glavu nyembamba tu.

Linaloniuma ni hili. Mdakaji ndiye anayempa mrushaji ishara ya aina ya mpira wa kurusha. Tony Mullane, mrushaji wa timu yake mwenyewe, alikuja kukiri kwamba hakuwahi kupata mdakaji bora kumshinda Walker, ila kwa kuwa ni mweusi alizipuuza ishara zake na kurusha apendavyo. Mpira unakuja kwa kasi, hujui utapinda wapi, na mkono mtupu!

Alicheza mechi 42 ligi kuu, basi. Akaendelea ligi za chini hadi 1889.

Glavu ya mwanangu nimeipaka mafuta usiku huu. Kesho tunarudi uwanjani.