Nilivyopata banda la kuku kishingo watupu

Kuku kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, nilianza kuwafuga kwa sababu ya joto. Hapa kwetu Muheza, ikifika mwezi wa pili, kuku mwenye manyoya mengi anashinda chini ya mwembe kaachama mdomo, kishingo yeye anaendelea kuchakura. Nikanunua jogoo mmoja na tetea mmoja, wote shingo wazi, nikijua nitapata vifaranga wa namna hiyo hiyo. Mayai 12 yakaatamiwa, yakaanguliwa 11. Vifaranga 3 wakatoka na shingo zenye manyoya.

Jirani yangu, mzee aliyezeekea kwenye kuku, akawatazama akasema, "Hapo kaingia jogoo mwingine, mwanangu." Sikuweza kumbishia, kwa kuwa kuku walikuwa wanazurura. Nikazungushia banda wavu, nikamfungia tetea na jogoo wake. Mayai ya wiki tatu za mwanzo tuliyala, maana tetea akishapandwa huhifadhi mbegu za jogoo mwilini, na yai la wiki ya pili au ya tatu laweza kuwa bado la jogoo wa zamani. Baada ya hapo ndipo nikaanza kuweka mayai ya kuatamia. Wakatoka vifaranga 10, na 2 kati yao wana manyoya shingoni. Sasa jogoo wa kumsingizia hakuwapo.

Aliyenifungua macho ni binti yangu, wakati huo yuko kidato cha nne. Alichukua maharage na punje za mahindi akavipanga sakafuni. Kila kuku, akasema, ana jeni mbili, yaani vibeba-sifa vya kurithi, za jambo hili, moja ya baba na moja ya mama, na yeye naye akizaa anatoa moja tu. Harage ni shingo wazi, hindi ni shingo ya manyoya, na harage hata likiwa moja linatosha kuiacha shingo wazi. "Jogoo wako ana harage na hindi, Baba. Tetea vilevile. Sasa okota moja huku na moja kule." Nikaokota. Harage na harage, harage na hindi, hindi na harage, hindi na hindi. Huyo wa mwisho ndiye kifaranga aliyenisumbua.

Mendel, mtawa wa karne ya 19 aliyechunguza jinsi sifa zinavyorithiwa, aliyaona hayo hayo kwenye njegere huko Brno, katika nchi ya leo ya Cheki. Alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu tatu kwa moja. Mimi nilikuwa na kishingo 16 na wenye manyoya 5. Hesabu ndogo sana, lakini inaelekea kule kule. Na nililazimika kuelewa jambo moja lililonichelewesha: si kwamba katika kila vifaranga wanne lazima mmoja awe na manyoya. Kila yai linaokota upya. Unaweza kupata watatu mfululizo, halafu usimwone tena hadi mwisho wa mtotesho.

Tatizo likabaki: nitamjuaje mwenye harage mbili? Kwenye njegere huwezi kumjua kwa macho. Kwa kishingo unaweza, na hili ndilo napenda kila mfugaji alijue. Nilimkamata yule jogoo nikamgeuza kifua juu. Mbele ya shingo, juu kidogo ya gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, palikuwa na kishungi cha manyoya. Tetea naye anacho. Nikawakagua watoto wao waliokwisha kuota manyoya: wengi wana kishungi, wachache wako wazi kabisa mpaka kwenye gole, au wana unyoya mmoja mmoja tu. Jeni ya kishingo haitawali kikamilifu. Ikiwa moja, inaacha kishungi. Zikiwa mbili, zinakifuta au kukipunguza sana.

Nikawafunga uzi mwekundu mguuni wale wasio na kishungi. Jogoo mmoja wao nikamjaribu kwa matetea wa jirani wenye shingo za manyoya. Angekuwa na hindi ndani yake, karibu nusu ya vifaranga wangetoka na manyoya. Walitoka 13, wote kishingo, na walipokua wote walikuwa na kishungi, kwa sababu mama zao waliwapa hindi.

Sikumpandisha kwa dada zake. Ndugu kwa ndugu huziibua jeni mbovu zilizojificha, vifaranga wakadumaa au wakafia ndani ya yai. Nilikwenda Korogwe nikatafuta matetea wa damu nyingine, nikimgeuza kila mmoja kabla ya kuuliza bei. Wauzaji walidhani natafuta ugonjwa.

Wale wa manyoya nao wana uhakika wao, hawana harage hata moja. Ukiwakutanisha wenyewe kwa wenyewe hutaona kishingo.

Mitotesho mitatu ya mwisho imenipa vifaranga 31, hakuna hata mmoja mwenye manyoya shingoni. Juzi yule mzee alikuja kuchagua jogoo. Alimpakata, akampuliza taratibu juu ya gole, akamrudisha bandani akachukua mwingine.